Kuondolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani: mwongozo wa mgonjwa na anayemuuguza

Mtu akikwambia "nilifanyiwa operesheni ya tezi dume", bado hujajua alifanyiwa nini. Ziko operesheni tatu ambazo watu huziita kwa jina hilohilo, na kuzichanganya kumewafanya wengi waogope isiyowahusu, au waache kipimo wanachokihitaji.

Ya kwanza ni kukwangua tezi iliyokua kwa uzee tu, bila saratani. Daktari hupitisha kifaa chenye waya wa umeme kwenye njia ya mkojo, au hupasua chini ya kitovu na kuchokoa nyama ya ndani ya tezi. Ganda la nje linabaki. Aliyefanyiwa hivyo bado ana tezi dume, bado anaweza kupata saratani ndani ya ganda lile, na bado anahitaji kupima PSA, kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Ya pili ni kuondoa korodani zote mbili. Hii hufanywa saratani ikishasambaa, ili kukata homoni ya kiume inayoilisha. Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia hapa: tezi inatolewa nzima na ganda lake, pamoja na vifuko viwili vya shahawa vilivyo nyuma yake, na mara nyingi mitoki ya ndani ya nyonga pia. Kisha kibofu hushushwa na kushonwa kwenye mrija wa mkojo ili kuziba pengo lililoachwa na tezi.

Katika hii ya tatu korodani haziguswi. Homoni inaendelea kutoka kama zamani, kwa hiyo ndevu, sauti na hamu ya mke hubaki. Ndugu wanaonong'ona kwamba mzee anakwenda kuhasiwa wanaifikiria ile ya pili. Kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, uliza swali moja kwa Kiswahili cha kawaida: tezi inatoka yote au inakwanguliwa? Jibu liandikwe kwenye fomu hiyo.

Nani anafaa kukatwa, nani asikatwe

Operesheni hii ina maana pale saratani inapokuwa bado ndani ya tezi, au imechungulia kidogo tu nje ya ganda, na mgonjwa ana afya ya kumfanya atarajie kuishi miaka 10 au zaidi. Saratani hii mara nyingi hukua taratibu. Mzee wa miaka 82 mwenye moyo mbovu atabeba madhara ya kisu bila kufika kwenye faida yake.

Faili lako liwe na vitu vitatu kabla ya mtu yeyote kutaja tarehe ya upasuaji: PSA, majibu ya vinyama vilivyochukuliwa kwenye tezi (kwa kawaida vipande 12 au zaidi), na picha ya MRI ya nyonga. PSA ikizidi 20, au alama ya Gleason (jumla ya namba mbili zinazoonyesha ukali wa seli za saratani chini ya darubini) ikiwa 8 kwenda juu, ongeza picha ya mifupa na CT ya tumbo, maana saratani ikiwa imeshafika kwenye mifupa, kutoa tezi hakutaiondoa huko. PSA peke yake haitoshi kumpeleka mtu thieta. Hupanda kwa maambukizi, kwa tezi kubwa isiyo na saratani, hata kwa mpira wa mkojo uliowekwa juzi.

Gleason 6, yaani 3+3, ndiyo hali ya chini kabisa, na wengi wenye hiyo huweza kufuatiliwa tu kwa vipimo bila kukatwa. Kuanzia 7 ndipo mjadala wa kutibu unapoanza kwa uzito, na hapo 3+4 ni nafuu kuliko 4+3 ingawa jumla ni ileile. Mionzi ni njia nyingine yenye hadhi sawa kwa wagonjwa wengi. Tanzania hutolewa katika vituo kama taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani iliyo ndani ya tezi katika makundi ya upasuaji, mionzi na ufuatiliaji. Matokeo ya miaka 15, yaliyotangazwa 2023, yalionyesha waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban asilimia 2 hadi 3 katika kila kundi. Waliopasuliwa walivuja mkojo zaidi, na waliopigwa mionzi walisumbuliwa zaidi na haja kubwa. Ila tusidanganyane: wengi wa wanaume wale waligunduliwa mapema, kwa kipimo cha damu, kabla ya dalili. Anayefika hospitali na PSA ya 30 na Gleason 8 hayumo katika hesabu ile.

Muulize daktari wa njia ya mkojo anafanya operesheni hii mara ngapi kwa mwaka, na wagonjwa wake wangapi wamekauka kufikia mwaka mmoja. Si utovu wa adabu. Mkono uliozoea una tofauti kubwa, hasa katika kuokoa mishipa ya fahamu na kibana mkojo, yaani msuli unaofunga njia ya mkojo.

Wiki za maandalizi

Baada ya kuchukuliwa vinyama, madaktari wengi husubiri wiki 6 hadi 8 ili damu na uvimbe ndani ya tezi vitulie. Zitumie wiki hizo. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, kwani mapafu ya mvutaji hukusanya makohozi baada ya nusu kaputi, na kukohoa na mshono mpya tumboni ni adhabu. Sukari na presha vidhibitiwe. Mkojo uoteshwe maabara, na ukikutwa na vijidudu vitibiwe kwanza. Ukiacha hilo, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu siku ya kisu.

Dawa za kuzuia damu kuganda ndizo zinazoahirisha operesheni nyingi asubuhi ya siku yenyewe. Warfarin kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, clopidogrel siku 5 hadi 7. Aspirini hutegemea: mwenye kifaa cha kupanua mishipa ya moyo huenda akaambiwa aendelee nayo. Usisimamishe hata moja kwa uamuzi wako. Nenda na pakiti zote, daktari aandike tarehe ya kuacha na ya kurudia. Mitishamba nayo itajwe, hata ile "ya kusafisha damu tu", na iachwe wiki 2 kabla.

Damu iandaliwe. Kwa upasuaji wa wazi mgonjwa huweza kupoteza nusu lita hadi lita nzima, kwa hiyo hospitali huweka akiba ya chupa 2 au zaidi za kundi lake. Ndugu watangulie kuchangia wiki moja kabla. Siku ya operesheni ndugu wanakimbizana na karatasi, hawana nafasi ya kupanga foleni ya damu. Pia omba makadirio ya gharama kwa maandishi, na uhakikishe yamejumuisha kipimo cha patholojia (tezi kuchunguzwa maabara baada ya kutolewa), mara nyingi ndicho kinachosahauliwa.

Kama bado unataka mtoto, hifadhi mbegu kabla. Baada ya hapo shahawa hazitatoka tena: vifuko vimeondolewa na mirija ya mbegu imekatwa.

Mazoezi ya kuzuia mkojo yaanze sasa, si baada ya kisu. Misuli inayotakiwa iko chini ya nyonga, kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke mbele ya wakwe, na wakati huohuo kana kwamba unakatisha mkojo. Simama mbele ya kioo bila nguo: ukikaza sawasawa, shina la uume hurudi ndani kidogo na korodani hupanda. Kama matako yamebana, au tumbo limeingia ndani, au umeshika pumzi, umekaza misuli isiyohusika. Shikilia kwa sekunde 5, legeza kwa sekunde 5, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku: ukilala, ukikaa, ukisimama. Ukizoea ongeza hadi sekunde 10. Usifanye mazoezi haya kwa kukatisha mkojo kila unapokojoa, maana kibofu kinaweza kujifunza kubakiza mkojo ndani.

Thieta kunafanyika nini

Chakula kigumu husimama saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa daktari wa usingizi ameagiza vingine. Dawa za presha nyingi humezwa asubuhi kwa funda la maji. Vidonge vya kisukari kwa kawaida huachwa asubuhi hiyo.

Kwa upasuaji wa wazi, mkato hushuka kutoka chini ya kitovu hadi juu ya kinena. Kwa roboti au kamera hutobolewa matundu madogo 5 au 6 na tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi. Roboti hupunguza damu inayopotea na siku za kulala wodini. Kuhusu kupona saratani na kukauka mkojo, ustadi wa mpasuaji una uzito kuliko mashine, kwa hiyo usiuze shamba kwa ajili ya roboti kabla hujamwona mpasuaji mzuri wa njia ya wazi aliye karibu nawe.

Kazi huchukua saa 2 hadi 4. Mitoki hutolewa kwanza kama imepangwa. Kisha hufungwa fundo la mishipa ya vena inayopita juu ya tezi. Hapo ndipo damu nyingi hutoka fundo likiteleza. Mrija wa mkojo hukatwa kwenye ncha ya tezi, na mpasuaji hubakiza kipande kirefu kadiri awezavyo kwa sababu kibana mkojo kiko hapohapo. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha uume imelala pembeni mwa tezi, kulia na kushoto, imebandika kwenye ganda. Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeonyesha mwaka 1982 namna ya kuibandua bila kuikata. Saratani ikiwa imegusa upande huo, mishipa ya upande huo huondolewa pamoja na tezi, na ni sawa: kuibakiza kungebakiza ugonjwa. Mwisho kibofu hushonwa kwenye mrija, mpira wa mkojo ukiwa umepita katikati ya mshono.

Ukuta wa utumbo mpana umegusana na tezi kwa nyuma. Ni nadra kutoboka, lakini ndiyo sababu ya sharti moja ambalo ndugu hulivunja kwa nia njema nyumbani, na tutalifikia.

Chupa ya tezi

Katika hospitali zetu nyingi ndugu hukabidhiwa chupa yenye tezi aipeleke maabara ya patholojia mwenyewe. Tazama mambo manne kabla ya kuondoka mlangoni. Chupa iwe pana, tezi ielee bila kubanwa. Dawa iliyomo iwe formalini ya asilimia 10, si maji ya chumvi wala spiriti, na iwe nyingi, takriban mara 10 ya ujazo wa tezi. Jina, namba ya faili na tarehe viandikwe kwenye mwili wa chupa, kwani vifuniko hubadilishana. Na fomu iandikwe PSA na Gleason ya mwanzo. Usiiweke kwenye friji, usiiache garini juani, ipelekwe siku hiyohiyo. Tezi iliyooza haisomeki, na hakuna nyingine ya kupima.

Mpira wa mkojo: siku 7 hadi 14 za umakini

Utaamka na dripu mkononi, mrija mdogo tumboni wa kutoa majimaji (hutolewa siku ya 1 hadi ya 3 yakipungua), na mpira wa mkojo. Mpira huu si kama ule wa mtu aliyeziba mkojo. Wako unashikilia umbo la mshono mpya na kuuacha ukauke. Unazuiwa na puto dogo lililojazwa maji ndani ya kibofu. Ukivutwa kwa nguvu puto likiwa limejaa, linaweza kupasua mshono.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: mpira ukichomoka wenyewe kabla ya siku yake, mtu asikubali mgonjwa arudishiwe na nesi wa zahanati ya jirani, hata awe hodari kiasi gani. Mpira ukisukumwa bila kuona unaweza kupita kwenye mshono na kutengeneza njia ya uongo nje ya kibofu. Piga simu kwa timu iliyokupasua, uende huko. Andika kwa kalamu nene kwenye karatasi na uibandike kwenye faili: "Ametolewa tezi dume yote tarehe fulani. Mpira usirudishwe bila daktari wa njia ya mkojo." Anayekaa mbali, tuseme safari ya basi inayochukua saa nane, ni heri akae kwa ndugu mjini hadi mpira utolewe.

Utunzaji wenyewe ni rahisi. Osha mahali mpira unapoingilia kwa maji na sabuni asubuhi na jioni, ukipangusa kutoka kwenye uume kwenda nje. Mpira ufungwe pajani kwa plasta ukiwa umelegea kidogo, usimvute anaponyoosha mguu. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote: ukiwekwa juu ya kitanda kando ya mgonjwa, mkojo hurudi nyuma na vijidudu vyake. Mfuko usiguse sakafu pia. Umwage ukifika theluthi mbili, ukifungua koki ya chini tu. Usitenganishe mpira na mfuko ila siku ya kubadili mfuko, kila siku 5 hadi 7, mikono ikiwa safi. Maji ya kunywa yawe lita 2 kwa siku kama moyo na figo vinaruhusu.

Rangi ya mkojo huwatisha watu bure. Pinki kama juisi ya tikiti maji ni kawaida, hasa baada ya kutembea au kwenda haja kubwa. Kunywa maji, pumzika, itafifia. Ukiwa mzito kama nyanya ya kopo, au una mabonge, au mfuko haujaingiza kitu kwa saa 2 na tumbo la chini linauma, hiyo ni dharura. Kabla ya kukimbia, kagua kwa sekunde chache: mpira umekunjwa chini ya paja? koki imefungwa? mfuko umejaa? Mara nyingi ni hayo tu.

Mkojo kupita pembeni mwa mpira huku tumbo la chini likibana ghafla ni mshtuko wa kibofu kinachojaribu kulitoa puto. Si dalili kwamba mpira ni mdogo. Kuna dawa ya kutuliza, mwombe daktari, na iachwe siku moja kabla ya mpira kutolewa.

Sasa lile sharti. Choo kigumu ni adui, kwani kujikamua huongeza damu na kuvuta mshono. Papai, mboga za majani, maji, na laktulosi (dawa ya kulainisha choo) mililita 15 mara 2 kwa siku vinatosha kwa wengi. Lakini hakuna bomba la maji, hakuna dawa ya kupenyeza njia ya haja kubwa, na hakuna kupima joto huko, kwa wiki 6 angalau. Ukuta wa utumbo uliogusana na tezi umebaki mwembamba, na ncha ya bomba inaweza kuutoboa.

Tembea tangu siku ya kwanza. Mgonjwa wa saratani aliyepasuliwa nyonga yuko katika hatari ya damu kuganda miguuni, na hatari hiyo hudumu wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Hospitali nyingine huagiza sindano za kuzuia damu kuganda hadi wiki 4, zichomwe zote. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikachoma na pumzi ikakata, usisubiri asubuhi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi nayo ni safari ya hospitali. Korodani kuvimba na kuwa na wekundu mweusi kwa wiki ya kwanza ni kawaida. Ziinue kwa taulo lililokunjwa unapolala.

Kwa wiki 6 usinyanyue zaidi ya kilo 5, ndoo ya maji ikiwemo, na usipande bodaboda wala baiskeli. Tandiko la pikipiki hubana msamba, mahali penyewe pa mshono.

Mazoezi ya kukaza husimama mpira ukiwa ndani. Yanarudi siku unapotolewa.

Siku ya kutoa mpira, na kuvuja kunakofuata

Wengine hupigwa kwanza picha ya eksirei yenye dawa kuona kama mshono unavuja. Kutoa kwenyewe ni dakika moja: nesi huchomeka sindano tupu kwenye vali ya pembeni, hunyonya maji yote ya puto, kisha huvuta taratibu. Mpira haukatwi kwa mkasi. Nenda na suruali pana, chupi ya kubana na pedi au pampasi za watu wazima 2 au 3. Subiri hospitali hadi umekojoa mara 2 vizuri, maana mshono uliovimba unaweza kuziba njia, na kuziba ukiwa nyumbani usiku ni taabu.

Utavuja. Karibu kila mtu huvuja siku za kwanza, na aliyeambiwa mapema hahuzuniki sana. Tezi ilikuwa inasaidia kuzuia mkojo kwa juu, na sasa kazi yote imeangukia kibana cha chini ambacho kimetoka kwenye kisu. Mpangilio wa kupona huwa huu: usiku hukauka kwanza, kisha asubuhi, na jioni hubaki mwisho kwa sababu misuli imechoka. Wengi hufikia pedi moja au kukauka kabisa kati ya mwezi wa 3 na wa 6, wengine hadi mwaka.

Pima badala ya kukisia. Chukua mizani ya jikoni, pima pedi kavu, kisha pima zote zilizolowa za saa 24 zikiwa kwenye mfuko, utoe uzito wa pedi kavu. Gramu moja ni sawa na mililita moja. Aliyeanza na gramu 400 na sasa yuko 150 anapona, hata kama bado anabadilisha pedi 4 kwa sababu hapendi unyevu.

Kinachochelewesha kupona mara nyingi ni kukaza kwa wakati usiofaa. Mazoezi ya kitandani pekee hayatoshi. Kaza kabla ya kukohoa, kabla ya kuinuka kitini, kabla ya kunyanyua mtoto. Usipunguze maji ili usivuje, kwani mkojo mzito huwasha kibofu na kukufanya uende mara nyingi zaidi. Chai ya rangi, kahawa na soda zipunguzwe kwa sababu hiyohiyo. Ngozi ioshwe na kukaushwa kila ukibadilisha pedi, ipakwe mafuta mazito kidogo.

Waislamu huuliza kuhusu swala. Fiqhi inamtambua mwenye kutokwa na mkojo mfululizo: hujisafisha, huweka pedi safi, hutawadha baada ya wakati kuingia, huswali bila kukawia, na hufanya hivyo kwa kila swala ya faradhi. Sheikh wako atakufafanulia yaliyo zaidi. Kwa upande wa mwili, kuinuka kutoka kwenye sijida ndiko kunakovujisha, basi kaza kwanza ndipo uinuke, na wiki za mwanzo swali ukiwa umeketi kwenye kiti.

Mkondo ukianza kuwa mwembamba miezi michache baadaye, ukalazimika kusukuma, hilo si kuvuja kwa kawaida. Kovu linabana pale kibofu kiliposhonwa, na hufunguliwa kwa kifaa kupitia njia ya mkojo. Na anayelowa pedi kadhaa baada ya miezi 12 ya mazoezi ya kweli asiambiwe azoee: kuna utepe wa kuinua mrija na kibana bandia, ingawa si kila hospitali inavyo.

Tendo la ndoa

Uume kusimama huchukua muda mrefu kuliko mkojo. Hata mishipa ikibakizwa, hulala miezi mingi, na kurudi huweza kuchukua miezi 18 hadi 24. Umri na jinsi ulivyokuwa kabla ndivyo vinavyoamua sana. Utamu wa kilele hubaki, ila hakitoki kitu, na wengine hudondosha mkojo kidogo wakati huo. Kukojoa kabla kunasaidia. Mke aambiwe haya kabla ya operesheni, na daktari, wote wawili wakiwa wamekaa.

Sildenafil au tadalafil, dawa za kusaidia uume kusimama, huanzishwa baada ya mpira kutoka, kwa cheti. Zikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya nitrati hushusha presha hadi kuua. Dawa za "nguvu za kiume" za mtaani ziepukwe kwa sababu hiyo: nyingi zimekutwa na sildenafil iliyofichwa, kwa kipimo kisichojulikana. Ipo pia pampu ya hewa, na sindano ya kwenye uume. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 baada ya sindano, nenda hospitali.

Majibu ya tezi na PSA baada ya hapo

Ripoti ya patholojia isome na daktari mstari kwa mstari. Tafuta Gleason ya mwisho, ambayo huweza kutofautiana na ya vinyama, na hatua: pT2 ni ndani ya tezi, pT3a imetoka nje ya ganda, pT3b imeingia vifuko vya shahawa. Kingo za mkato zikiwa na saratani haina maana kwamba imebaki kwa hakika, ila ufuatiliaji unakuwa wa karibu.

PSA iliyobaki kwenye damu hupungua nusu kila siku 2 hadi 3. Aliyeingia thieta na PSA ya 16 atakuwa chini ya 0.01 baada ya wiki 6, kama hakuna tishu iliyobaki. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hufanywa wiki ya 6 hadi ya 8. Kinachotakiwa ni chini ya 0.1. Baadaye ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, kisha mara moja kwa mwaka.

Mtego uko kwenye karatasi ya maabara. Pembeni imechapishwa "kawaida: 0 hadi 4", na mgonjwa mwenye 0.9 huambiwa dirishani yuko salama. Kiwango kile ni cha mwenye tezi. Asiye na tezi akiwa na 0.9 ana seli zinazotengeneza PSA mahali fulani. Tumia maabara ileile kila mara, uliza kama mashine yao inasoma chini ya 0.1, na waandike namba yenyewe, si neno "kawaida". Andika kila namba na tarehe yake nyuma ya daftari la kliniki. Ikifika 0.2 au zaidi katika vipimo viwili, usingoje maumivu: mionzi ya eneo la tezi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA ikiwa bado chini ya 0.5, na rufaa ya mionzi nayo ina foleni yake.